Miti Mikubwa Katika Vyungu Vidogo

Miongoni mwa mambo waliyoyapenda vijana wa siku hizi ni kuzuru vitalu vya miche wakiwa na simu zao mikononi, wakachukua picha za video za miti midogo iliyokuzwa katika vyungu, ile ambayo Wajapani huiita bonsai. Wazee wengine huuliza kama jambo hili lina faida yo yote, au ni kupoteza saa tu. Sisi twaona kuwa faida ipo. Lakini ndani yake mna hila ambayo mpiga picha huifanya pasipo kukusudia, na khasa hiyo ndiyo tutakayoisema mwezi huu.

Neno lenyewe maana yake ni kitu kilichopandwa katika sinia. Sanaa hii ilianza Uchina, kisha Wajapani wakaipokea na kuiendeleza. Watu hudhani kuwa miti hiyo ni ya aina ya pekee, iliyozaliwa mibilikimo. Sivyo. Mbuyu ulio katika chungu ni mbuyu kweli, na mkwaju ni mkwaju. Ukiutoa ukaupanda shambani ukaushika udongo vizuri, waweza kurefuka kama jamaa zake. Umekuwa mdogo kwa sababu chungu ni kifupi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu mtunzaji huung'oa, akaikata sehemu ya mizizi yake, akaurudisha katika udongo mpya. Na matawi nayo hupogolewa mara kwa mara, mengine yakazungushiwa waya laini ili yaelekee anakotaka. Waya huo husalia kwa miezi tu, kwani ukisahauliwa huzama katika gome ukaacha kovu lisilofutika. Wenye kukuza jamii ya mkuyu hata majani yote huyachuma kwa wakati wake, ili yatakayochipua badala yake yawe madogo na kulingana na kimo cha mti.

Misonobari ya Japani huhitaji majira ya baridi kali ili ipumzike, kwa hiyo haifai kuigwa katika nchi zetu. Tunayo yetu. Mikuyu, mikwaju, mibuyu, bogenvilia, na lile ua la nchi kavu liitwalo waridi la jangwani, yote hukubali chungu. Mkomamanga nao hukubali, na huo ni mti uliotajwa katika Kurani Tukufu, basi nyumba ya Kiislamu yaweza kuanza nao. Pia upo mzeituni wa pori, unaoota katika miteremko ya Mlima Meru, ambao Wamasai hutumia vijinga vya mti wake kufukizia vibuyu vya maziwa. Katika Afrika ya Kusini mzeituni huo hupendwa sana na wakuzaji. Na huko huko mtu mmoja mashuhuri katika kazi hii, Charles Ceronio, alifundisha kuikuza miti ya vyunguni kwa sura za miti ya Afrika, kama vile mbuyu, badala ya kuigiza misonobari ya ng'ambo. Jambo hilo latupendeza, kwani mtoto wa Arusha ameuona mgunga uliotandaza kilele chake kama mwavuli, naye hajapata kuuona mlima Fuji.

Mkazi wa Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, mtaa uliojulikana zaidi kwa moshi wa nyama choma kuliko kwa maua, hana safari ndefu ya kwenda kuona mambo haya. Vitalu vya kando ya barabara si haba mjini Arusha, na aingiapo kwa kuulizia miparachichi na maua ya bustani aweza kuulizia na miti ya vyunguni. Akiinua macho kaskazini siku isiyo na mawingu, ataona kitalu kikubwa kuliko vyote. Mlima Meru una zaidi ya mita 4,500. Chini yake msitu ni mrefu. Kadiri mtu apandavyo miti hupungua kimo, hata akifika juu hukuta vichaka vilivyojikunja. Baridi, upepo na udongo haba hufanya kule kazi ile ile ifanywayo na mkasi kitaluni.

Sasa tuje kwenye ile hila. Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya mlima huo, kuna mkuyu mkubwa ambao mizizi yake ilishuka kutoka juu ya mti mwingine, ikaukumbatia hata ukafa, ikabaki yenyewe imesimama kama lango. Tembo aweza kupita chini yake. Chukua picha ya mkuyu huo, kisha chukua picha ya mkuyu wa kitaluni wenye kimo cha shubiri mbili, nao mizizi yake imeshika jiwe. Mtazame kila mmoja peke yake katika kioo cha simu: vimo vyao vitakuwa sawa. Kamera haina kipimo. Mti wa chungu fahari yake yote ni udogo wake, na hilo ndilo jambo la kwanza kupotea katika picha.

La pili kupotea ni wakati. Mjini Washington, katika bustani ya taifa ya miti ya Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao umekuwa ukitunzwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, nyumba yao ilikuwa umbali wa kilomita tatu hivi. Mti ulikuwa nyuma ya ukuta, ukasalimika. Mwaka 1976 ukapewa Marekani kuwa zawadi, wala wenye kuupokea hawakuijua habari ya bomu mpaka wajukuu wa Yamaki walipokwenda kuutazama mwaka 2001. Yaani kwa miaka ishirini na mitano watu waliupita, bila shaka wengi wakaupiga picha, na hakuna picha iliyowaambia.

Basi wapo wanaoupeleka upungufu huu wa picha sokoni. Kijana huchukua mche mnene, akausimamisha katika chungu kizuri, akaupiga picha kwa karibu na kuandika chini yake kuwa ni mti wa miaka hamsini. Mnunuzi na ajue kwamba unene si ushahidi wa umri. Waridi la jangwani lililooteshwa kwa mbegu likatunzwa vema hufura shina katika miaka michache tu. Kusema umri usioujua, au kuficha kuwa mti umetiwa chunguni juzi na haujashika, ni ghashi kama kutia maji katika maziwa, na biashara ya simu haina hukumu yake mbali.

Ama kuhusu picha yenyewe, anayeona haya kwa sababu za dini atulie. Imepokewa kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, akamwuliza. Baada ya kumsimulia onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza achore miti na vitu visivyo na roho. Picha za kamera wanavyuoni wamezungumza mengi juu yake, lakini kwa mti hatujui mwenye kukataza.

Aingiaye kitaluni na apige hodi, amsalimu mwenyewe, aombe ruhusa kabla ya kutoa simu. Yale ni maduka ya watu wala si uwanja. Aende asubuhi, jua likiwa pembeni. Aishushe kamera hata ilingane na mdomo wa chungu, na nyuma ya mti pawekwe shuka jeupe ili majani ya miche mingine yasiuchafue. Kisha, na hili ndilo twalisisitiza, atie mkono wa mtu katika picha: mkono wa mtunzaji ukimwagilia, ukifungua waya, ukikata mzizi. Hapo kimo kitajulikana, na kazi itajulikana. Amwulize ni lini mti ulitiwa chunguni na aliache jibu lisikike kwa sauti yake mwenyewe. Watoto wasichezee utomvu wa waridi la jangwani. Una sumu, na katika nchi hizi ulitumiwa kupakwa mishale.

Atakayependa kununua asinunue kabla ya kufikiri nani atamwagilia. Udongo wa sinia ni mchache, na kiangazi mti hutaka maji kila siku, pengine mara mbili. Familia ikienda harusini Tanga kwa juma zima bila kuacha mtu, itarudi kukuta kuni. Mizizi isikatwe wakati wa baridi ya Juni na Julai, bali joto likirudi. Na maji ya mvua yakingwe, kwani maji ya visima vingi kandokando ya Meru yana floridi nyingi, ile inayotia meno yetu madoa. Nayo huunguza ncha za majani ya baadhi ya mimea, kama jamii ya masale.

Wengine husema mbona tusijing'olee huko porini. Katika hifadhi ya taifa ni marufuku, na msitu wa hifadhi una Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa. Isitoshe, mzeituni wa pori uliong'olewa kwa jembe na mtu asiyejua mara nyingi haufiki mwezi wa pili. Afadhali mbegu, au kipandikizi kutoka kitaluni. Na wakati wa kurudi Kwa Mrombo chungu kipakatwe mapajani, kisifungwe nyuma ya bodaboda, kwa kuwa mizizi myembamba hukatika kwa mtikisiko, na mti hauonyeshi majeraha hayo mpaka majani yaanze kupukutika siku kadhaa baadaye.