Neno la Mwalimu: Ndege ya bidoni



Juma mbili zilizopita kijana wangu wa miaka 12 alikusanya bidoni nne za mafuta, zile za manjano za lita 20, akaziosha kwa sabuni. Alitaka kutengeneza ndege kubwa, si ile ya boksi ambayo watoto wanakimbia nayo njiani. Picha yake aliiona kwenye simu ya mjomba wake: B-26, ndege ya Wamarekani ya kutupa mabomu, yenye injini mbili, iliyotengenezwa wakati wa vita vya pili vya dunia.

Kama mwalimu, nilifurahi. Ndege yenyewe ina upana wa karibu mita 21 kutoka bawa hadi bawa. Tukachagua kipimo cha 1 kwa 20: kila sentimita 20 za ndege zinakuwa sentimita 1 ya plastiki. Mabawa yakatoka sentimita 105, na urefu wa mwili karibu sentimita 77. Mtoto ambaye darasani anasinzia kwenye hesabu ya kugawanya alifanya kurasa mbili bila kusukumwa.

Kazi ilifanyika nje, kwa sababu moshi wa plastiki unaumiza kifua. Mimi ndiye niliyeshika kisu cha moto, yeye alichora mistari. Gundi haishiki plastiki ya bidoni, basi tulitoboa matundu kwa msumari na kushona kwa waya, kama mtu anavyoshona kikapu. Ndani tuliweka vijiti vya mianzi ili mabawa yasilegee. Matairi yalitoka kwenye sapatu za zamani.

Siku ya sita mama yangu, anayekaa nasi hapa Mangobo, alirudi kutoka kanisani na kuikuta ndege juu ya meza. Alisimama mlangoni. Hakusema neno. Aliingia chumbani, na jioni ile hakula.

Usiku nilimfuata. Akaniuliza: « Ni nani aliyemfundisha mtoto ile ndege? »

Mwaka 1964 mama alikuwa na miaka tisa. Mji huu uliitwa bado Stanleyville, na tangu mwezi wa nane ulikuwa mikononi mwa Simba. Tarehe 24 Novemba, alfajiri, ndege za B-26 zilitangulia kupiga uwanja wa Simi-Simi. Waliozirusha walikuwa Wacuba waliokimbia nchi yao, wakilipwa na Wamarekani. Nyuma yao zikaja ndege kubwa zilizoshusha waparashuti Wabelgiji zaidi ya 300. Vitabu vinaeleza habari za Wazungu waliookolewa na waliouawa siku ile. Wacongo waliokufa miezi ile walikuwa wengi zaidi, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Mama alikuwa chini ya kitanda. Kaka yake wa miaka 13 alikuwa ametoka kuchota maji. Hakurudi.

Wamama, mimi nimezaliwa na mama huyu, na nilikuwa sijasikia habari ya huyo kaka. Nilitaka kuamka usiku uleule niichome ile ndege. Lakini nilijiuliza: kijana wangu amekosa nini? Hakujua, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hata mimi mwenyewe, siku sita za Juni 2000, wakati Warwanda na Waganda walipopigania mji wetu, nililala chini ya meza nikiziba masikio. Sijawahi kumweleza. Tunanyamaza ili watoto wasiogope, halafu tunawakasirikia kwa kutokujua.

Asubuhi nilimwomba mama, kwa heshima, kama anaweza kumsimulia mjukuu wake. Alikubali, kwa sharti moja: mtoto akae chini na mikono yake itulie. Alimsimulia yote. Kijana alilia kidogo, kisha akasema: « Koko, nisamehe. Niivunje? »

Mama aliitazama ndege muda mrefu. Akauliza: « Kwa hesabu yako hiyo, mtu anakuwa mkubwa namna gani? » Kijana akahesabu: mtoto wa sentimita 140 anakuwa sentimita 7. Mama akasema: « Basi mtengeneze na yeye. »

Leo ndege iko juu ya kabati. Chini yake amesimama kijana wa plastiki, mdogo kama kidole, na kindoo mkononi. Mama bado haipendi ile ndege. Amekataza irushwe juu mbele yake, na tunamtii. Lakini jina la kaka yake sasa linatajwa katika sala ya jioni.

Kwa kikundi chetu nina maneno matatu. La kwanza, mtoto akitaka kutengeneza ndege au gari la vita, usimpige wala usimnyang'anye. Mikono yake inajifunza. La pili, kabla hajamaliza, mtafute mzee wa nyumbani aliyeviona vita hivyo, umwulize kama yuko tayari kusimulia. Akikataa, msimlazimishe, elezeni ninyi kile mnachokijua. La tatu, bidoni iliyowahi kubeba dawa ya kuua wadudu isiguswe, na kisu cha moto kishikwe na mtu mzima.

Siku ya mkutano wetu, anayependa aje na jina moja la ndugu ambaye nyumbani kwake halitajwi. Mimi nitakuja na la mjomba wangu.

Tuonane juma lijalo.