Mpwa wangu aliniomba jiwe la mwamba, nikamkatalia

Dada yangu alinipigia simu Ijumaa moja baada ya sala. Hakuanza na habari za nyumbani kama kawaida yake. "Kaka, kijana wako ataka jiwe." Nikamuuliza jiwe gani. "La baharini. Asema liwe bichi, limetoka mwambani, si lile la kuokota ufuoni. Kuna mtu asafiri wiki ijayo. Mfungie kilo tatu nne kwa magazeti yaliyorowa, alitie kwenye mzigo."

Mpwa wangu anaishi Birmingham, anafanya kazi za zamu. Alikulia Mtwapa na utoto wake mwingi ulipita majini, bamvua likitoka yuko nje anageuza mawe kutafuta pweza. Baridi ya kule imemchosha, sasa ameamua kuweka kipande cha bahari sebuleni: tangi la kioo la lita 200, maji ya chumvi, taa, pampu, samaki na matumbawe. Akatazama bei ya mawe dukani, akakumbuka kwamba mjomba wake anakaa hatua chache kutoka Bahari Hindi.

Nilimkatalia. Dada alinuna siku mbili. Nimeona niandike sababu zangu, kwa kuwa jambo hili limenifunza kitu kuhusu mwamba wetu ambacho sikukijua, nami nimezaliwa kando yake.

Kwanza tuelewane jiwe lenyewe ni lipi. Wafugaji wa samaki wa baharini huliita jiwe hai. Jiwe lenyewe halina uhai, ni mifupa ya matumbawe ya zamani, imejaa matundu kama mkate. Kinachoishi ni vilivyomo ndani yake. Juu ya jiwe, penye hewa, kuna bakteria wanaokula amonia inayotoka kwa samaki na uchafu wao, wakaigeuza nitriti, wengine wakaigeuza nitrati. Ndani kabisa ya matundu, pasipofika hewa, wapo bakteria wengine wanaoichukua hiyo nitrati na kuiachia kama gesi. Juu yake unaota mwani wa rangi ya waridi unaoganda kama chokaa, na katikati wamo konokono, kaa wadogo na minyoo wanaokula mabaki. Kwa hiyo jiwe ndilo choo, ndilo jaa, ndilo mfagizi wa nyumba nzima. Samaki ni wapangaji tu.

Walioyagundua haya kwa faida ya wafugaji hawakuwa Wazungu peke yao. Mwaka 1961 mfugaji wa Indonesia, Lee Chin Eng, aliandika jinsi alivyokuwa akiweka mawe ya baharini na kupuliza hewa tu ndani ya tangi, bila vichujio vikubwa, na viumbe wake wakaishi. Baadaye wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, wakaiendeleza njia hiyo, wakaongeza taa kali na mashine ya kutoa uchafu kwa povu, na sasa inaitwa njia ya Berlin. Jina la mtu wa Jakarta wanalijua wachache. Lakini hiyo si hoja yangu leo.

Hoja ni kwamba jiwe hilo huwezi kulitia kwenye sanduku la nguo. Matumbawe magumu, pamoja na mawe hai, yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Kijana wa watu angezuiliwa uwanjani na mzigo wa mtu mwengine. Na hata angepita salama, jiwe lililokaa safarini siku mbili bila maji huwa nusu yake imekufa. Ukilitia moja kwa moja kwenye tangi lenye samaki, uozo ule unatoa amonia, asubuhi unaamkia mizoga.

Basi mpwa akanunua dukani. Kilo 20, zaidi ya pauni 15 kwa kilo. Piga hesabu kwa shilingi zetu: yapita elfu hamsini, ya mawe. Alipotuma picha kwenye kundi la familia, mzee mmoja akauliza kama yametiwa dhahabu ndani.

Akaanza vizuri. Maji ya chumvi ya unga, kiasi cha gramu 35 kwa lita, joto digrii 25 na nusu. Mawe akayapanga yakiwa yameachana ili maji yapite katikati, yakiegemea kioo cha chini na si mchanga, maana mchanga huchimbwa na viumbe na mnara ukaanguka. Halafu akatakiwa kungoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangi jipya lataka wiki nne, pengine sita, likiwa na mawe tu, huku unapima amonia ikipanda, kisha nitriti ikipanda, kisha zote mbili zikishuka mpaka sifuri. Yeye wiki ya pili akatia samaki wawili, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja akafa. Hilo sitalirefusha, kila anayeanza hulipia haraka yake.

Kosa la pili ndilo lililonikaa kichwani. Alikuwa akichanganya chumvi yake na maji ya mfereji. Maji ya kule ni safi ya kunywa, lakini yana nitrati na fosfati kidogo, vile vile vitu vilivyomo kwenye mbolea. Mwezi wa pili mawe yake ya waridi yakafunikwa na mwani wa kijani mrefu kama nywele. Tumbawe dogo alilokuwa amelinunua likazibwa, likakosa mwangaza, likafa. Ikabidi anunue chujio la kuondoa kila kitu kwenye maji, abadilishe maji kidogo kidogo kila wiki, aupunguze mwanga na kuungoa mwani kwa vidole.

Akanieleza haya kwa simu, nami nimesimama ukingo wa Tudor naangalia maji meusi yakiingia baharini kutoka kwenye bomba. Sehemu kubwa ya mji wa Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kuna mashimo, na mashimo yakijaa yanakwenda panapoteremka, na panapoteremka ni baharini. Lita 200 za Birmingham zilichafuka kwa kiasi ambacho hukioni wala hukionji. Sisi tunamimina ndoo kwa ndoo, kisha wavuvi wakisema mwamba wa karibu umeota mwani na samaki hawakai, tunasema ni kudura.

La tatu lilikuwa hita. Iliharibika ikiwa imewaka, akarudi kutoka zamu ya usiku akakuta maji digrii 31. Samaki aliyebaki alistahimili. Matumbawe mawili yalipauka, yakawa meupe kama chaki, kwa sababu yale mwani madogo mno yanayoishi ndani ya mwili wa tumbawe na kulilisha yalifukuzwa. Alikaa na feni juu ya tangi na kulipunguza joto polepole. Moja lilirudisha rangi baada ya wiki kadhaa. Jengine halikurudi.

Waliokuwa baharini mwaka 1998 hawahitaji kuelezwa. Joto lilipanda, na mwamba wa pwani yetu ukageuka mweupe, matumbawe mengi yakafa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imo tena katika kupauka kwa matumbawe, mara ya nne. Mpwa wangu ana feni. Mwamba wa Diani hauna feni. Unachoweza kuupa mwamba uliopata homa ni kuuondolea maradhi mengine: maji machafu, nyavu za kukokota, nanga zinazotupwa juu ya matumbawe, na mikono inayovunja.

Hiyo mikono ndiyo habari ya sasa. Kwa miaka mingi pwani yetu imekuwa ikisafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Wapiga mbizi wanafanya kazi hii hasa msimu wa kaskazi maji yakiwa meupe na shwari. Kusi likivuma hawaoni kitu. Rafiki yangu mmoja aliyeifanya miaka kadhaa aliniambia alilipwa kwa kila samaki, na hakuwahi kujua samaki yule aliuzwa kiasi gani kule mbali. Alijua tu kwamba akifa ndani ya ndoo kabla ya kufika kwa mnunuzi, hasara ni yake.

Sina ugomvi na kazi hiyo ikifanywa kwa wavu mdogo, kwa leseni na kwa kiasi. Ugomvi wangu ni pale samaki akiingia kwenye tundu na mtu akavunja tumbawe ili amtoe. Samaki yule atazaliwa mwengine. Nyumba ile ilijengwa kwa miaka ambayo babu yako hakuiona mwanzo wake. Watu wa Kuruwitu, kule Kilifi, walipoamua miaka ya 2000 kutenga kama hekta 30 za bahari yao zisivuliwe, moja ya malalamiko yao ilikuwa ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe kwa biashara hii. Walibezwa. Leo watu wanakwenda pale kujifunza, na mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Sasa nasikia vijana wakisema: ikiwa jiwe lauzwa pauni 15 kwa kilo, na sisi tumelalia mawe, kwa nini tusiuze? Swali la haki. Tena wanaoliuliza ni watu wasio na kazi. Jibu langu si lile la kuwafokea.

Tutazame walioanza kabla yetu. Fiji iliuza mawe hai kwa miaka mingi, sehemu kubwa yakienda Marekani, mpaka serikali yao ikapiga marufuku kuuza mawe na matumbawe nje. Indonesia nayo ilisimamisha biashara ya matumbawe mwaka 2018 kabla ya kuifungua tena kwa masharti. Florida ilizuia kuvunja mawe katika maji yake mwaka 1989, na kufikia 1997 maji ya serikali kuu yakafungwa vile vile. Lakini Florida walifanya jambo moja la akili. Walimruhusu mtu akodi kipande cha sakafu ya bahari pasipo na mwamba, ashushe mawe ya chokaa yaliyochimbwa nchi kavu, ayaache miaka kadhaa mpaka bahari iyavike, kisha ayatoe na kuyauza. Na sharti likawekwa kwamba mawe hayo lazima yatofautike na ya mahali pale, ili mkaguzi akitazama tu ajue hili ni la shamba na lile ni la wizi.

Mawe ya nchi kavu tunayo. Tunayachimba kila siku kujengea nyumba. Wazee wetu walitofautisha haya vizuri kuliko sisi: jiwe la kuta walilichimba nchi kavu, na tumbawe laini la baharini walilikata likiwa bichi, kidogo, kwa kazi ya kuchonga kibla na vizingiti, kama inavyoonekana Gede na Lamu. Ufundi wa kushusha vitu baharini vikaota matumbawe nao upo. Wasini jamii na watafiti wamekuwa wakiufanya kurudisha mwamba ulioharibika.

Kwa hiyo naliunga mkono shamba la mawe, lakini kwa sharti ambazo sitazilegeza. Kipande cha bahari kikodishwe kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo chenyewe, si kwa mtu wa bara au mgeni mwenye hati ya kampuni na vijana wetu wakawa vibarua wake. Mawe yawe ya aina au alama isiyofanana na mwamba wetu, maana bila hilo, usiku mmoja wa mwezi na nyundo utaleta kilo nyingi kuliko miaka miwili ya kungoja, na sote twajua njaa ikiingia nyumbani mtu huchagua nini. Na CITES ishughulikiwe kabla ya jiwe la kwanza kushushwa, siyo baada, watu wakiwa wameshatia pesa zao. Soko lenyewe pia limepungua ukubwa, wafugaji wengi sasa wanaanza na mawe makavu ya kutengenezwa na kutia bakteria wa chupa. Asije mtu akauza mashua yake kwa ndoto hii.

Wakati huo serikali ya kaunti iliyo na haraka ya kuita wawekezaji kwenye mikutano ya uchumi wa buluu ianze na mabomba ya maji taka. Mawe yaliyolelewa kwenye maji machafu yataota ule ule mwani wa nywele, na hakuna wa Birmingham atakayeyanunua.

Dada ameshanisamehe. Tangi lina miezi tisa sasa, mawe yamerudi rangi ya waridi, na kuna kaa mdogo aliyetoka ndani ya jiwe ambaye hakuna aliyemnunua. Juzi mpwa alinitumia video, akaandika: "Mjomba, hilo shamba lenu likianza, nitilie kilo tano, nitalipa." Nikamjibu angoje. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia nimuulize kwanza mwenyekiti wa ufuo, naye ameniambia swala la kukodi bahari lina ofisi tatu, na hajui aanze na ipi.