Kumwaga Oili ni Somo la Sayansi

Pikipiki imekwisha kuwa chombo cha lazima katika vijiji vya Tanzania. Katika kata ya Shishiyu, mkoani Simiyu, kama ilivyo katika kata nyingine za nchi ya pamba, chombo hiki humfikisha mgonjwa zahanati, hubeba mbegu hadi shambani na humwahisha mwalimu darasani. Hata hivyo, wapo wengi wanaomiliki pikipiki ambao hawajapata hata mara moja kuimwaga oili kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo huachiwa fundi aliye chini ya mti, naye mwenye chombo husimama kando akingoja kulipa.

Yamkini itadhaniwa kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa katika kurasa za sayansi. Ukweli ni kinyume chake. Kubadilisha oili ni mojawapo ya masomo bora ya fizikia na kemia yanayopatikana kijijini bila gharama ya ziada, na hapana budi kila mwanafunzi wa sayansi ailifanye kazi hiyo walau mara moja kabla ya kuhitimu kidato cha nne.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilipoweka mikondo miwili katika shule za sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Manufaa ya mkondo wa amali ni dhahiri. Lakini iko hatari ambayo yafaa ionywe mapema, nayo ni kudhani kwamba spana ni ya mwanafunzi wa amali na kanuni ni ya mwanafunzi wa elimu ya jumla. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomtenga kijana na kazi za jamii yake. Onyo hilo halijachakaa. Mkono usiojua sababu hukosea, na akili isiyopata kushika kitu husahau.

Tuanze na injini yenyewe. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, hufanya mizunguko 100 katika sekunde moja, na katika sekunde hiyo pistoni hupanda au kushuka mara 200. Kinachozuia chuma kisisuguane na chuma ni utando wa oili ambao unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuuzidi mara nyingi. Mbali na kupunguza msuguano, oili hupoza, husafisha na huzuia kutu. Katika pikipiki nyingi za mipigo minne, oili hiyohiyo hulainisha pia klachi na gia, na ndiyo sababu si kila oili ya gari inafaa kwa pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina kemikali za kupunguza msuguano ambazo huifanya klachi iteleze.

Oili huchoka kwa nini? Sababu ya kwanza ni moto. Lita moja ya petroli inapoungua kikamilifu huzaa karibu lita moja ya maji. Mengi ya maji hayo hutoka kama mvuke katika ekzosi, lakini sehemu ndogo, pamoja na masizi na petroli isiyoungua, hupenya kando ya pistoni na kuingia katika oili. Humo huzaliwa asidi zinazokula chuma. Sababu ya pili ni joto, ambalo huifanya oili iungane na oksijeni na kubadilika. Sababu ya tatu ni vumbi, ambalo wakazi wa Shishiyu hawahitaji kuelezwa habari zake wakati wa kiangazi. Chembe ya mchanga iliyopita katika chujio bovu la hewa hufanya ndani ya silinda kazi ileile inayofanywa na msasa. Ndiyo maana vitabu vingi vya maelekezo huamuru oili ibadilishwe mapema zaidi pale chombo kinapotumika katika vumbi jingi au safari fupi fupi.

Hapa ndipo elimu inapoondoa imani mbili zilizoenea. Ya kwanza husema kwamba oili ikiwa nyeusi imekwisha. La hasha. Oili nzuri ina kemikali za kusafisha zinazoshika masizi yasigande kwenye chuma. Weusi wake waweza kuwa ushahidi kwamba inafanya kazi. Kipimo cha kufaa ni kilomita na muda uliotajwa katika kitabu cha chombo. Imani ya pili husema kwamba oili nzito ndiyo imara. Kopo lililoandikwa 20W-50 halielezi ubora wala nguvu, bali mnato. Tarakimu iliyo kabla ya herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi, na ile ya mwisho huonyesha mnato wake inapofikia joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Injini nyingi za kisasa zimeundwa kwa nafasi finyu zinazohitaji oili nyepesi. Akitia nzito kuliko ilivyoagizwa, mwenye chombo huongeza upotevu wa petroli, na wakati wa kuwasha oili hukawia kufika inakohitajiwa.

Historia nayo inashuhudia kwamba elimu hii ilizaliwa mikononi. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za reli kwa niaba ya Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili. Badala ya kuingia, oili ikapanda na kutoka. Akaziba tundu kwa kizibo cha mti, nacho kikasukumwa nje. Kwa kizibo hicho iligunduliwa kwamba mhimili unaozunguka hujivutia oili na kujenga shinikizo linaloubeba mzigo wote. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, alitoa maelezo ya kihisabati ya jambo hilo, na hesabu zake zingali msingi wa usanifu wa beringi hadi leo. Kama Tower asingalitia mikono yake katika oili, Reynolds asingalipata cha kukokotoa.

Basi somo lenyewe liendeshwe hivi. Injini iwashwe dakika chache ili oili ipate joto, kwa kuwa mnato hupungua joto linapopanda na uchafu hutoka pamoja na oili. Lakini isiwe ya moto wa kuunguza. Chombo kisimamishwe mahali tambarare, beseni liwekwe chini, kisha boliti ya kumwagia ifunguliwe. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi vipande vidogo vya chuma, kama vipo, na kueleza vimetoka wapi. Chujio lisafishwe au libadilishwe, na wosha ya boliti ikaguliwe. Boliti ikazwe kwa kiasi, maana alumini ni laini na nyuzi zake hukatika upesi. Oili mpya ipimwe. Aghalabu pikipiki ya sentimita za ujazo 125 au 150 huhitaji takribani lita moja. Ikizidi, huchapwa ikatoa povu, na povu halibebi mzigo. Baadaye, darasani, gololi mbili zinazolingana zidondoshwe katika mirija ya oili, mmoja baridi na mmoja vuguvugu, na muda upimwe. Mnato utakuwa jambo lililoonekana kwa macho.

Kanuni hizi hazibadiliki hata katika magari ya kisasa yaliyoundwa kwa kasi kubwa. Baadhi yake huchukua lita 8 za oili au zaidi, ambazo hutunzwa katika tangi la pembeni ili gari linapokata kona kwa nguvu oili isiikimbie pampu. Mengine hayana tena kijiti cha kupimia. Kiasi cha oili husomwa katika kioo cha kompyuta. Mwenye gari kama hilo hulazimika kuvua vifuniko vya chini na kufuata kitabu hatua kwa hatua, lakini anachokifanya ni kilekile kinachofanywa chini ya mti. Aliyejifunza kwa pikipiki atajua kompyuta inamwambia nini. Asiyejifunza atabaki kuitii tu.

Limebaki jambo lenye uzito kuliko yote: oili chafu iende wapi? Ichukuliwe mfano wa kituo chenye pikipiki 10, kila moja ikienda kilomita 100 kwa siku na kubadilishiwa lita moja ya oili kila kilomita 2,000. Kila pikipiki itabadilishiwa oili kila baada ya siku 20, na kwa mwaka kituo kitatoa zaidi ya lita 180, karibu pipa zima. Oili hiyo ina metali na kemikali, baadhi zikiweza kusababisha saratani kwa anayeigusa mara kwa mara kwa miaka. Ikimwagwa ardhini, mvua huisukuma kuelekea lambo na kisima. Kuipaka katika nguzo ili kuzuia mchwa, au kuimwaga uani ili kutuliza vumbi, ni kuihamisha sumu tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka masharti juu ya taka hatarishi, lakini sheria hailindi kisima ambacho wenyewe hawajui kinachokitishia. Oili ikusanywe katika madumu yenye vifuniko, isichanganywe na maji wala petroli, na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali, kwani yaweza kusafishwa na kutumika tena.

Wako watakaosema kwamba shule hazina vyombo vya kufundishia. Lakini pikipiki ya mwalimu itabadilishiwa oili kwa vyovyote vile. Kinachotakiwa ni kwamba kazi hiyo ifanyike mbele ya wanafunzi, na kwa mikono yao. Wako pia watakaohofia riziki ya fundi. Fundi stadi hana hasara kwa mteja anayejua. Mwenye hasara ni yule anayeuza oili isiyofaa. Shule na ialike fundi aonyeshe kazi, mwalimu aeleze sababu, na dumu la oili chafu liwekwe mahali pa pamoja. Kwa njia hiyo injini za Shishiyu zitadumu, na visima vyake vitabaki vya kunywewa.