Krimu ya Ganzi si Mafuta ya Kujipaka



Ndugu wazazi, likizo kubwa inakaribia, na hapa Buyenzi, Bujumbura, tumeshaanza kuulizwa siku nzuri ya kuwatia watoto tohara. Juu ya siku hatuna neno. Neno letu ni juu ya ile krimu ya ganzi inayonunuliwa sokoni na kupakwa nyumbani.

Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka minne, alipakwa na baba yake tyubu nzima, akafungwa mfuko wa nailoni, kisha wakangoja zamu karibu saa nne. Zamu ilipofika, mtoto amelegea, midomo ya kijivu, anahema kwa shida. Alhamdulillahi, aliwahishwa hospitali akapona. Baba akatuuliza: "Ustadh, kwani si mafuta tu?"

Si mafuta! Krimu inayotumika sana ina dawa mbili, lidokaini na prilokaini, kila moja asilimia 2.5. Hupenya ngozi zikaingia damuni. Prilokaini ikizidi, damu hushindwa kufikisha oksijeni mwilini. Lidokaini ikizidi, huleta degedege na kuvuruga moyo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, kufariki. Walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni, wakafunga plastiki, wakijiandaa kuondolewa nywele kwa leza. Ikiwa watu wazima wamekufa, kichanga je?

Kwa mtoto chini ya miezi 3, kipimo cha juu ni gramu 1, kwa saa 1 tu, mara moja kwa siku. Miezi 3 hadi 12 ni gramu 2. Aliye chini ya mwaka na anatumia dawa kama Septrin asipakwe kabisa. Wenye upungufu wa G6PD, hali iliyo nyingi katika nchi zetu za malaria, wamo hatarini zaidi. Je, muuza soko alikuuliza lolote katika haya?

Wapo watakaodakia: "Basi ganzi iachwe, mwanamume ni kuvumilia." Hao nao tunawapinga. Tohara ni katika sunna za fitra, lakini ni kitabu gani kilichofanya maumivu kuwa nguzo yake? Mtoto apewe ganzi, ila kwa mkono wa anayeijua. Tena krimu peke yake mara nyingi haitoshi. Mtaalamu huongeza sindano.

Na tukumbuke hadithi iliyomo katika Sunan Abi Daud, inayomtwisha dhamana kila anayetibu bila kujulikana kwa utabibu. Baba mwenye tyubu mkononi hakutolewa humo.

Basi mwacheni mganga wa hospitali apake mwenyewe. Mwambieni umri wa mtoto, uzito wake na dawa anazotumia. Angalieni saa ilipopakwa. Msipake penye kidonda. Mkiona midomo, ulimi au kucha zimegeuka rangi, au mtoto anasinzia kupita kawaida, futeni krimu na mkimbilie hospitali papo hapo.

Mtoto ni amana, na amana ina hesabu. Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.