UCHANGANUZI: Pikipiki kuukuu zinavyoepa ukaguzi Uingereza

Nchini Uingereza, pikipiki hukaguliwa kila mwaka ikishatimiza miaka mitatu. Ajabu ni kuwa kongwe ndizo huponea: tangu Mei 20, 2018, iliyopita miaka 40 husamehewa ukaguzi, mradi haijafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyotangulia.

Wakuu walishikilia kuwa vyombo hivyo hutunzwa vyema na huendeshwa kwa nadra. Hoja hiyo ina pengo. Mpira wa gurudumu hukauka na kupasuka hata pikipiki ikiwa imelala gerejini. Kebo ya breki nayo huliwa na kutu isionekane.

Isitoshe, ukaguzi haukuwa ukizionea pikipiki kuukuu. Iliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1, 1986 haidaiwi hata taa za indiketa. Kinachotazamwa hasa ni breki, usukani, fremu na magurudumu. Sasa kazi hiyo ameachiwa mwenyewe, na akinaswa barabarani na chombo kibovu bado anaweza kushtakiwa.