Kona ya Mwalimu: Blogu Isile Masomo

Mwezi uliopita mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kijana wangu halali mpaka saa nane usiku, yuko na simu. Anasema anaandika blogu. Nimnyang'anye?"

Mama, usimnyang'anye. Hapa hapa Kakuma, mwaka 2008, lilianza KANERE, gazeti la wakimbizi kwenye intaneti, likasomwa hata nje ya Kenya. Kuandika ni kazi.

Lakini niseme ukweli wangu. Nikiwa Kidato cha Nne nilitengeneza tovuti na rafiki zangu. Kila usiku ni tovuti tu. Hesabu nikapata D. Tovuti ilikufa tulipokosa pesa ya bando. Ile D bado iko kwenye cheti, na kila nikiomba nafasi ya kusoma mbele, wanaiangalia hiyo kwanza.

Sasa nafanya hivi: Jumatatu mpaka Ijumaa naandika kwenye daftari, dakika 20 tu, nikishamaliza kusahihisha. Jumamosi ndiyo naingia intaneti. Mawazo hayaozi kwa siku tano.

Kijana, mwonyeshe mama ratiba yako. Na wewe mama, mwachie Jumamosi yake. Tuonane mwezi ujao.