Kama seti yako haiingii kwa matatu, iache nyumbani

Nitasema hii kitu na mtanitusi mkipenda: sintesaiza ya moduli ina kazi ya maana zaidi Nyamira ndani-ndani kuliko kwa studio yoyote ya mjini. Shida ni vile tunaijenga. Tunaona video za watu Ulaya na ukuta mzima wa mataa na waya, tunadhani hiyo ndiyo ndoto. Hapana. Seti yako ikishindwa kukaa kwa mapaja kwa matatu ya Kisii–Nyamira, hiyo ni fanicha.

Kwa wale hawajakutana nayo: ni sintesaiza iliyovunjwa vipande. Kila kipande, yaani moduli, kina kazi yake. Hiki kinatoa mlio, kile kinachuja, kingine kinarudisha mwangwi. Unaviunganisha mwenyewe kwa waya fupi. Vipimo ambavyo karibu kila mtu anatumia vinaitwa Eurorack, na vilianzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer miaka ya 1990.

"Hiyo ni ya wazungu wenye doo." Najua. Bei ni noma kweli, moduli nyingi mpya zinacheza kati ya dola 100 na 400, na bado hujalipa ushuru. Lakini hapo Kampala kuna Brian Bamanya, anajiita Afrorack. Aliona hizo bei, akajifundisha kuziunda mwenyewe, na mwaka wa 2022 akatoa albamu inaitwa The Afrorack kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Uganda si mbali. Na kabla hujagusa hata mia ya mamako, kuna programu inaitwa VCV Rack, toleo la bure lipo, unajifunzia kwa kompyuta mpaka ujue unataka nini.

Sasa, mbona Nyamira? Obokano.

Kama hujawahi kuisikia ikipigwa karibu na wewe, obokano ni ndugu mkubwa wa nyatiti: nyuzi nane, tumbo kubwa la ngozi, na besi inayonguruma hadi kifuani. Wazee wanaoipiga vizuri wanapungua. Na sisi maprodyusa tunafanya nini? Tunaenda na simu, tunarekodi mzee dakika tatu, tunamwachia ya soda, tunarudi kejani. Huko tunamkatakata, tunamlazimisha akae kwa mapigo ya kompyuta, tunavuta sauti yake ilingane na kinanda. Mzee akija kuisikia kwa spika ya matanga hata hajijui. Mimi hiyo naiita wizi wenye adabu.

Seti inayobebeka inageuza hiyo hesabu. Unaenda kwake, unakaa, anacheza, na mashine ndiyo inamfuata.

Yangu ni sanduku moja la HP 84. HP moja ni milimita 5.08, kwa hivyo upana ni kama sentimita 43 tu. Ukinilazimisha nibaki na moduli moja nitabaki na ya kuingiza sauti ya nje. Mimi natumia Doepfer A-119. Unabandika kipaza sauti cha kugusa, kile kisahani kidogo cha piezo ambacho fundi wa redio anaweza kukutolea kwa kengele mbovu, juu ya ngozi ya obokano, kwa tepu laini, na unaomba ruhusa kwanza. Hiyo moduli inakuza sauti, halafu inafanya kitu kitamu: inapima nguvu ya kila mpigo na kuigeuza kuwa volti. Mzee akikwaruza kwa upole, filta inafunguka kidogo. Akipiga kwa hasira, inafunguka yote. Mpigo ukizidi kiwango ulichoweka, inatoa ishara ya kuwasha ngoma yako. Hakuna saa ya kumkimbiza. Akiamua kupunguza mwendo ili atoe hadithi, ngoma zako zinapunguza pia.

Baada ya hapo: filta moja, oskileta moja, moduli ya kudhibiti ukubwa wa sauti, mwangwi, miksa. Basi. Ile moduli ya kusahihisha noti iache. Inasukuma kila kitu kwa noti 12 za piano, na mzee anafunga nyuzi zake kwa sikio, kulingana na koo lake siku hiyo. Oskileta ya analogi unaizungusha kwa mkono mpaka ikutane na uzi wake. Itakuchukua dakika tano za kuaibika mbele ya watoto wa boma, ni sawa.

Stima usiitegemee, ikinyesha alasiri inaenda. Eurorack inataka volti +12 na −12, kwa hivyo unahitaji kigeuzi kati yake na pawabanki. Hesabu ni rahisi: jumlisha miliampea za moduli zote. Tuseme ni 600 upande wa +12 na 200 upande wa −12, hiyo ni wati 9.6. Pawabanki ya 20,000 mAh ina kama wati-saa 74. Toa ile inayopotea njiani, bado una karibu saa tano. Na ukichomeka nyaya za ndani, ule mstari mwekundu unakaa upande wa −12. Ukigeuza, unaweza kuchoma moduli ya elfu ishirini kabla hata chai haijaletwa. Piga picha ya miunganisho yako kwa simu, funga sanduku kwa karatasi ya nailoni, panda gari.

Halafu lipa. Si ya soda. DJ wa harusi hapa Kisii anaitisha bei yake na hakuna anayebisha, kwa hivyo muulize mzee bei yake, na kama rekodi itatoka, jina lake likae mbele pamoja na lako, na mkubaliane mgao kabla hujabonyeza kitu chochote.

Kitu bado sijatatua ni spika. Zile za betri zinazobeba besi ya obokano bila kukoroma ni nzito kuliko seti yote. Kama kuna msee Keroka ama Nyansiongo ana nyepesi, anitafute, tujaribu Jumamosi.